Pumzi za Bibi Anjelina

Wasifu wa Festo ulisomwa kwa mkupuo mmoja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya turubai pale Chimala, mkoba kifuani, jua la Usangu likinichoma utosi, na mzee wa kanisa aliyepewa karatasi aliisoma kama mtu anayewahi basi. Alizaliwa, akasoma, akafanya kazi mbalimbali Iringa, akahamia Chimala, akafungua duka la mbegu na dawa za mpunga, akaoa, akajaliwa mtoto mmoja wa kike, akaugua, akatutoka. Hakutua popote. Nilijikuta nimekasirika, tena kwa hasira isiyofaa msibani, kwa sababu mwaka wangu mzima ulikuwa umefichwa ndani ya maneno mawili, kazi mbalimbali, na msomaji aliyapita bila hata kumeza mate. Nilitaka kupaza sauti: simama hapo, baba, rudi nyuma, hapo pana mtu. Lakini mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, nafundisha kompyuta chuoni Mbeya, nina heshima zangu, na kwa watu wale nilikuwa mgeni tu aliyekuja na kanga yake na rambirambi yake. Nikanyamaza. Kunyamaza mahali pasipotakiwa ndiyo tabia yangu, na habari hii yote ni ushahidi wake.

Baada ya mazishi tulipakuliwa wali na maharage. Nilikuwa bado na sahani mkononi alipokuja binti mmoja, mrefu, macho yamevimba, akapiga goti kidogo. "Shikamoo. Wewe ndiye shangazi Sekela wa Mbeya?" Nikamwitikia, nikamuuliza nani kamwambia jina langu. "Baba. Alisema siku ukija nitakutambua tu, unaangalia chini kabla ya kujibu." Kweli nilikuwa nimeangalia chini. Nikamuuliza yeye anaitwa nani. "Anjelina," akasema, na ilibidi niweke sahani kwenye benchi, maana sikujua kwamba Festo alimpa mtoto wake jina lile. Binti akaendelea upesi, kama aliyekuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi. "Simu ya baba iliingia maji kule shambani. Sauti zote alizokuwa ananitumia nikiwa shule zimepotea. Nimeuliza kila mtu. Shangazi, una sauti yake popote?" Nikamjibu kwamba sina. Nilipokuwa narudi Mbeya, kabla hatujamaliza kupanda milima ya kuingia mjini, nikajua kwamba jibu langu lilikuwa sahihi lakini halikuwa kweli yote.

Nilifika Iringa mwezi wa Juni, baridi ikiwa imekaza, nikiwa na miaka ishirini na minne, cheti kipya na koti la kuazima. Nilikuwa nimeajiriwa kwa mwaka mmoja na mradi mdogo wa kukusanya maisha ya wazee. Mradi wenyewe ulikuwa ni watu watatu. Aliyeuanzisha alikuwa Mwalimu Chengula, mstaafu, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kumwona ameivua. Wa pili alikuwa Festo, Mhehe wa kule kule, miaka ishirini na saba, aliyekuwa anakwenda vijijini na kinasa sauti, kisha anarudi kuvaa visikilizio na kuchapa aliyoyasikia. Wa tatu mimi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Mlandege, zamani ghala la pareto, na harufu ya yale maua makavu ilikuwa imeingia kwenye mbao kiasi kwamba siku ya mvua ungedhani yameletwa jana. Meza mbili, kompyuta mbili, jiko la mkaa mlangoni, dirisha moja. Nyuma ya ukuta wa kulia walikuwa mafundi cherehani, akina mama wawili, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mbao tupu tulijua kila kitu kuhusu ndoa zao, nao bila shaka walijua kila kitu kuhusu kompyuta zetu. "Huyo Mnyakyusa wenu leo amegombana tena na mashine," nilimsikia mmoja akimwambia Festo siku ya tatu. Festo akamjibu, "Mashine ndiyo imemkosea. Mnyakyusa hakosei." Nikajifanya sijasikia. Sikufanya kazi yoyote ya maana mpaka saa sita.

Ninapenda kueleza kazi yetu, na wanafunzi wangu wananivumilia. Kila maisha ya mzee tuliyatunza kama waraka wenye mpangilio, mfano wa nyumba yenye vyumba: chumba cha utoto, chumba cha ndoa, chumba cha safari, na ndani ya kila chumba vyumba vidogo zaidi, mpaka unafika mahali pasipo na chumba tena bali maneno matupu. Kila mahali pa namna hiyo, chumba au maneno, huitwa nodi. Ili programu iyaguse yale maneno inahitaji kiolesura, yaani orodha ya mambo inayoruhusiwa kuyatenda, na orodha yenyewe ni fupi hata mtoto angeikariri. Uliza maneno yana urefu gani. Toa kipande kuanzia hapa mpaka pale. Ongeza mwishoni. Chomeka katikati. Futa. Badilisha. Na la mwisho, nililolipenda kuliko yote, kata: unaipa namba ya herufi, ukihesabia kuanzia sifuri, na nodi moja inakuwa mbili, ndugu waliokaa bega kwa bega, hakuna kilichopotea wala kuongezwa. Kitabu cha maelezo nilikuwa nacho, karatasi zilizochapwa na kufungwa kwa uzi, na nilikisoma nikila karanga mpaka kurasa zikawa na mafuta. Nilikisoma chote isipokuwa ukurasa mmoja ambao niliupitia kwa macho tu, kwa pupa, kwa sababu Festo alikuwa ameinua sufuria ya mahindi mlangoni na kuuliza nani anataka.

Mwalimu Chengula alikuwa na jambo moja ambalo hakukubali kulilegeza. "Mzee hasemi kama redio," alituambia. "Anasema, ananyamaza, anasema. Kile kimya ni chake pia. Nataka kwenye kitabu kila anapovuta pumzi mstari ukatike." Basi nikatengeneza programu. Festo anasikiliza kanda, maneno yako mbele yake kwenye kioo, anaposikia mzee ametua anagonga kitufe kimoja na programu yangu inakata nodi pale pale, na kila kipande kinajipanga kwenye mstari wake. Jioni unabonyeza kuhifadhi, kioo kinakuambia kazi imehifadhiwa. Niliiona ni programu nzuri, na nilijisikia kichwa kikubwa kidogo, nisiseme uongo. Kanda nazo zilikuwa chache, maduka yalishaanza kuziacha, kwa hiyo kulikuwa na utaratibu: maneno yakishachapwa, yakasomwa mara mbili na kuhifadhiwa, anayehusika na kompyuta anaweka alama ya tiki ya chaki kwenye ganda la kanda, na kanda inarudi kwenye boksi ili arekodiwe mzee mwingine juu yake. Tiki nilikuwa naweka mimi.

Bibi Anjelina nilimwona mara moja tu, Julai, kijijini kwake ng'ambo ya Ruaha Mdogo. Festo alikuwa anamalizia kumrekodi na nilikwenda kuona kazi inavyofanyika. Alituketisha jikoni, akatupa viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye kisahani, na baada ya kutusalimu kamwene akanitazama kwa muda mrefu bila neno, mpaka nikaanza kuona haya, ndipo akasema, "Umekuja na baridi." Nilidhani anazungumzia hali ya hewa, kumbe ananisema mimi na haya zangu. Festo alitabasamu akiangalia mashine yake. Bibi alikuwa anasimulia namna hiyo, Kiswahili chake cha shuleni na Kihehe cha nyumbani vikiingiliana, neno, kimya, neno, na ukimwangalia usoni ulijua kwamba kile kimya hakuwa anatafuta maneno bali alikuwa amekwenda mahali na sasa anarudi. Alisimulia jinsi mumewe alivyochukuliwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, akiwa yeye na mimba ya kwanza. Alisimulia asubuhi ya kuondoka, na miaka, na siku mume aliporudi amekonda akasimama mlangoni akaomba maji kama mpita njia. Mimi nililia pale jikoni, Festo akanisogezea kisahani cha chumvi, kwa sababu hakikuwepo kitu kingine cha kunisogezea.

Siku zile za baridi zilipita hivyo. Asubuhi nilimkuta Festo ameshawasha jiko. Mchana tulikula makande, au ugali na mboga za majani alizozipika mama mmoja wa jirani, na Ijumaa nilipika ndizi zilizoletwa na gari kutoka Tukuyu, naye alizila kwa adabu huku akisema ni viazi vilivyosoma. Alikuwa na kawaida ya kusikiliza kanda macho yamefumbwa, mdomo wake ukifuata bila sauti, na kidole juu ya kitufe. Nilikuwa namwangalia kuliko nilivyoangalia kazi yangu. Ningeweza kumwambia siku yoyote kati ya zile. Kutoka meza yangu hadi yake ilikuwa hatua tatu, na mle ndani hakukuwa na mtu wa kutuzuia zaidi ya mafundi cherehani, ambao naamini wangeshangilia.

Januari Bibi Anjelina akafariki. Binti yake, Mama Yustina, alikuwa anauza maharage na mboga za kukausha karibu na ofisi yetu, na tangu siku hiyo akawa anapita kila wiki, beseni kichwani, anasimama mlangoni na kuuliza, "Mmefika wapi na mama?" Hakusema kitabu cha mama wala habari za mama. Tunamwambia tumefika kwenye ndoa, au kwenye njaa, anaitikia kwa kichwa kama aliyepewa salamu kutoka safarini. Familia ilikuwa imepanga kuweka msalaba kaburini mwezi wa Mei, na siku hiyo, badala ya wasifu wa kuandikwa na watu, yalitakiwa yasomwe maneno ya Bibi mwenyewe. Mama Yustina alitupa sharti moja tu. "Mimi kusoma sijui vizuri," alisema. "Lakini kusikia najua. Msije mkamsoma mama kama basi inakimbia. Mama alikuwa ananyamaza. Mkimtoa ile kunyamaza, huyo siyo mama, ni mtu mwingine anasema maneno yake." Nikamhakikishia mimi mwenyewe, mkono kifuani, kwamba kila pumzi ya mama yake ipo ndani ya mashine na haiendi popote.

Wiki mbili kabla ya msalaba tulichapisha rasimu. Mashine ilitoa ukurasa wa kwanza, Festo akauchukua, akacheka. "Bibi leo ana haraka." Nikauchukua mimi. Ukurasa mzima ulikuwa umeshonana, hakuna mstari uliokatika. Nikafungua faili la kwanza kwenye kompyuta: kipande kimoja. La pili: kipande kimoja. Sehemu zote kumi na moja, miezi ya kugonga kitufe, na kila aya ilikuwa nodi moja laini kana kwamba hakuna aliyewahi kuigusa. Nilijua kabla sijafungua kitabu, lakini nilikifungua, na ule ukurasa nilioupitia kwa macho siku ya mahindi ulikuwa unaningoja kwa maneno mepesi kabisa. Ukikata nodi ya maneno, vile vipande viwili ni ndugu wakati programu imefunguliwa tu. Ukiandika waraka kwenye faili bila kuweka chochote kati yao, vinaandikwa vikiwa vimefuatana, na siku ya kufungua tena mashine haina namna ya kujua kwamba viliwahi kuwa viwili. Kila siku Festo alikata, kila jioni mimi nilihifadhi, na kuhifadhi kwangu ndiko kulikofuta. Hatukugundua kwa sababu kila asubuhi tulianza aya mpya na hatukurudi nyuma.

"Haina shida," Festo alisema, "tunasikiliza tena," na akanyoosha mkono kwenye boksi la kanda. Kanda zote nne za Bibi zilikuwa na tiki yangu. Akaweka ya kwanza, na tukasikia sauti ya mzee mmoja wa Mbarali akieleza namna ya kung'oa miche ya mpunga bila kuvunja mzizi. Ya pili, yule yule. Tulisikiliza zote, kila upande, tukienda mbele na nyuma, na mwisho kabisa wa kanda ya nne, pale ambapo mzee wa mpunga alimaliza mapema, tukasikia kikohozi na sauti ya Bibi Anjelina: "Haya mwanangu, zima sasa." Kisha kanda ikaisha. Nililia kwa sauti, kilio cha aibu, mpaka cherehani za jirani zikasimama. Festo hakuniambia ninyamaze. Mwalimu Chengula alipoingia na kuuliza kuna nini, Festo ndiye aliyejibu, "Tumepoteza pumzi za Bibi," na ile tu yake, wakati kosa lilikuwa langu peke yangu, naikumbuka kuliko neno lolote la mapenzi nililowahi kuambiwa.

Mwalimu akauliza kama kuna mtu duniani aliyemsikiliza Bibi Anjelina zaidi ya Festo. Hakuna. Basi tukafanya hivi. Nikatengeneza programu upya, safari hii kila kipande kikikatwa kinavishwa lebo yake, chumba chake kidogo ambacho nilikiita pumzi, ili kikiingia kwenye faili kibaki kimesimama chenyewe. Festo akavuta stuli akakaa karibu na meza yangu, akafumba macho, nikawa namsomea mstari kwa kunong'ona, naye anaurudia kwa sauti kama alivyomsikia Bibi akiusema. Anapotua, nagonga. Siku tisa. Magoti yetu yaligusana chini ya meza na hakuna aliyeyasogeza. Nilijua harufu ya sabuni yake, nilijua mahali sauti inapompanda na mahali inapomkauka, na nilijifunza kugonga sekunde ile ile anapovuta hewa, mpaka nikawa navuta pamoja naye. Siku ya saba tulifika kwenye asubuhi ya manamba. Nikanong'ona, naye akasema: "Alikuwa amefunga mzigo wake. Nilitaka kumwambia asiende." Akatua. Nikagonga. Nikasubiri aendelee, hakuendelea. Nikadhani amesahau, nikainua macho, nikakuta ameyafumbua yake na ananitazama. Kwa jirani cherehani ilikuwa inakwenda, mtu nje akiita abiria wa Makambako, na mahindi yalikuwa yanaungua jikoni. Ndipo akafumba tena, akamalizia sentensi ya Bibi: "Sikusema."

Siku ya msalaba Festo alisoma kaburini. Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi, waliozoea wasifu wa dakika tano, na mwanzoni waligeukiana kila alipotua, lakini baadaye hata watoto walitulia. Mama Yustina alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kanga kichwani, akisikiliza kwa mwili mzima. Alilia kwenye njaa, akacheka kwenye habari ya mbuzi, na tulipomaliza akatuita pembeni, karibu na mgomba. Nilikuwa nimeazimia kusema, na nilisema kabla hajafungua mdomo: kwamba nilizipoteza, kwamba kanda zimefutwa, kwamba zile pumzi zilirudishwa na Festo kwa kumbukumbu. Aliniangalia, akamwangalia Festo. "Nilijua," alisema. "Mahali pengi ni yeye kabisa, mpaka mwili umenisisimka. Lakini pale baba anapoondoka, pale mama alikuwa anapita mbio. Miaka yote alikuwa anapita mbio, anaogopa kulia. Hapo hajanyamaza mama. Hapo umenyamaza wewe, kaka." Festo akainama, akaanza kuokota majani makavu ambayo hayakumhusu. Mama Yustina akamshika bega. "Siyo neno. Acha ikae hivyo hivyo. Mama angekupisha."

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikujua. Niliambiwa mbele yake, mchana kweupe, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mkataba wangu uliisha wiki tatu baadaye na kazi ilikuwa imepatikana Mbeya. Festo alinisindikiza stendi akiwa amebeba begi langu begani, akanitafutia siti ya dirishani, akashuka, akasimama chini ya dirisha. "Utarudi?" aliuliza. Akaacha nafasi, na mimi, niliyekuwa nimefunzwa kwa siku tisa kutambua nafasi zake, niliitambua ile kuliko zote. Nikaangalia chini, kisha nikasema, "Utakuja wewe Mbeya, kuna ndizi." Akacheka kwa adabu ile ile aliyokuwa anaitumia kula ndizi zangu. Nimekuwa na maisha mazuri, sikatai. Niliolewa na mtu mwema, tukaachana bila ugomvi, nimelea, nimefundisha. Lakini nimemkosa Festo miaka yote, na nilimkosa akiwa hai, safari isiyofika hata nusu siku kutoka mlangoni kwangu, na hilo sina wa kumlaumu.

Wiki tatu baada ya mazishi nilimpigia binti yake, nikamwambia aje. Alifika Jumamosi asubuhi, mlima Loleza ukiwa bado umejifunika ukungu, nikampa chai na ndizi, akazila vizuri tofauti na baba yake. Kisha nikamwonyesha kompyuta. Faili lile nimelihamisha kutoka mashine hadi mashine kwa zaidi ya miaka ishirini, sikuwahi kuliacha nyuma hata nilipoacha picha za harusi. Nikamwonyesha lebo, moja moja, na kumweleza kwamba maneno haya ni ya bibi ambaye yeye amepewa jina lake, lakini kila mahali panapokatika ni mahali baba yake alipovuta hewa akiwa kijana, amekaa kwenye stuli, macho yamefumbwa. "Sauti sina," nilimwambia. "Nina hizi." Alipeleka kidole kwenye kioo akagusa lebo ya kwanza, kama watu wanavyogusa jina kwenye kaburi. "Soma, shangazi," akasema. "Soma kama yeye."

Nikasoma. Nilitua alipotua, nikavuta alipovuta, na baada ya sehemu ya pili nikasikia binti naye anavuta pamoja nami bila kujua. Tulipofika asubuhi ya manamba nikasema, "Alikuwa amefunga mzigo wake. Nilitaka kumwambia asiende." Nikatua. Faili linaonyesha mahali tu, kipande kimoja kinaishia hapa na kingine kinaanzia hapo. Halionyeshi urefu. Urefu ninao mimi. Chai ilikuwa inapoa mezani, na mtoto wa Festo akanitazama kwa macho yale, akaniuliza taratibu, "Shangazi, umepotea mstari?"

Sikuangalia chini. Nilimwambia, "Hapana, mwanangu. Hapa baba yako alikaa muda mrefu. Ningoje."

Akanyamaza, akaningoja.